Kibali cha Gome Si Kibali cha Mti Mzima

Desemba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha jeli ya kupaka vidondani inayotengenezwa kwa gome la mbetula (birch kwa Kiingereza), mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe, mwaka mmoja na nusu baada ya Ulaya kufanya hivyo Juni 2022. Tangu hapo habari hiyo inazunguka ikiwa imevuliwa masharti yake yote. Utaikuta pembeni ya chai ya majani ya mbetula, pembeni ya chupa za mafuta yake, hata pembeni ya unga wa kuvu anayeota kwenye shina lake, kana kwamba kibali kile kilitolewa kwa vyote hivyo. Upande wa pili wapo wanaoujua mti huu kwa mateso tu. Kila majira ya kuchipua yakifika kaskazini mwa Ulaya, chavua yake, yaani unga wa maua yake, inapeperuka, macho yanawasha, pua zinaziba, pumu inaamka, na wito wa kuikata mibetula mijini unaanza upya. Naona pande hizi mbili, ingawa zinapingana, zinakosea kwa namna moja: zinauhukumu mti mzima kwa ushahidi wa sehemu yake moja. Ushahidi tulio nao kuhusu mbetula ni mwingi na mwingine ni mzuri sana. Lakini kila ushahidi unahusu sehemu fulani ya mti, iliyoandaliwa kwa njia fulani, kwa kipimo fulani, kwa mtu mwenye hali fulani. Ukiuondoa hapo na kuupeleka kwingine, unakuwa umeuacha nyuma.

Tuanze na jeli yenyewe, maana ndiyo iliyoleta mkanganyiko. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa epidemolisisi bulosa, ugonjwa wa kurithi unaoifanya ngozi iwe dhaifu kiasi kwamba msuguano mdogo tu wa nguo unaweza kuacha malengelenge na vidonda vya miezi. Wagonjwa 223, watoto na watu wazima, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipakwa jeli yenye dondoo ya gome, wengine jeli ya mafuta isiyo na dondoo hiyo. Ndani ya siku 45, kidonda kilichochaguliwa kufuatiliwa kilikuwa kimefunga kwa asilimia 41.3 ya waliopata dondoo, dhidi ya asilimia 28.9 ya wenzao. Hiyo ni tofauti ya kweli, na kwa mtoto anayebadilishiwa bandeji kwa machozi kila siku ni tofauti kubwa. Hata hivyo, kufikia siku ya 90 pengo lilikuwa limepungua kiasi cha kutoweza kutenganishwa na bahati. Marekani yenyewe iliikataa dawa hii Februari 2022 kabla ya kubadili uamuzi mwaka uliofuata. Kwa hiyo tuna dawa yenye manufaa ya wastani, iliyothibitishwa kwa ugonjwa adimu ambao una tiba chache mno. Ni habari njema, wala sina nia ya kuipunguza. Ila haisemi lolote kuhusu jani la mbetula lililokaushwa na kuchemshwa.

Jani lina ushahidi wake, wa namna nyingine kabisa. Shirika la Dawa la Ulaya limeliandikia mwongozo unaolitambua kama dawa ya asili ya kuongeza mkojo, isaidie kusafisha njia ya mkojo pale panapokuwa na usumbufu mdogo. Utambuzi huo unategemea matumizi ya muda mrefu: lazima dawa iwe imetumika kwa miaka 30 au zaidi, angalau 15 kati ya hiyo ndani ya Umoja wa Ulaya, na hoja ya ufanisi iwe inaaminika kutokana na uzoefu huo. Hautegemei majaribio ya kitabibu kama yale ya jeli. Mwongozo huohuo unawazuia watoto walio chini ya miaka 12, na unawazuia watu wenye ugonjwa mkali wa moyo au figo walioambiwa na madaktari wapunguze maji, kwa sababu chai hii inaendana na kunywa maji mengi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko takwimu zote. Mwongozo wa jani unasema mtu mwenye mzio wa chavua ya mbetula asilitumie. Maelezo rasmi ya jeli ya gome, yaliyopitishwa na shirika lilelile, yanasema mwenye mzio wa chavua ya mbetula anaweza kuitumia, kwa kuwa vizio vya chavua, yaani vitu vinavyochochea mzio, havimo ndani yake. Mti ni mmoja na msimamizi ni mmoja, ila majibu yanapingana, na yote mawili ni sahihi. Dondoo ya gome la nje imejaa betulini na ndugu zake, kemikali zenye tabia ya nta zinazolipa gome weupe wake. Haina protini inayomsumbua mwenye mzio. Ukimuuliza mtu kama mbetula ni salama, hajui umemuuliza nini.

Betulini ilitambuliwa mapema sana, mwaka 1788, na Johann Tobias Lowitz, na inaweza kufikia karibu theluthi moja ya uzito wa gome kavu la nje. Mrithi wake, asidi ya betuliniki, ndiye aliyezalisha matumaini mengi zaidi. Mwaka 1995 watafiti waliripoti kwamba asidi hiyo inaziua seli za melanoma, saratani ya ngozi, maabara na kwa panya, bila kudhuru sana seli nyingine. Tangu hapo imeandikwa mara nyingi kwamba gome la mbetula linatibu saratani. Kinachosahaulika ni kwamba asidi iliyotumika katika utafiti ule ilitolewa kwenye gome la mkunazi, wala si mbetula. Mbetula uliingia baadaye kwa sababu una betulini tele ambayo wanakemia wanaweza kuigeuza kuwa asidi hiyo. Takriban miongo mitatu imepita na hakuna dawa ya saratani iliyoidhinishwa kutoka humo. Kemikali iliyotokana na asidi hiyohiyo, bevirimati, ilijaribiwa dhidi ya VVU ikakwama, kwa kuwa virusi vya wagonjwa wengi vilikuwa tayari na mabadiliko ya asili yanayoifanya isifanye kazi. Hii ndiyo njia ya kawaida ya dawa nyingi: kutoka seli hadi panya zinapita nyingi, kutoka panya hadi mgonjwa zinabaki chache. Anayemuuzia mgonjwa wa saratani unga wa gome kwa kutegemea jaribio la seli anamwibia muda ambao hana.

Neno "mafuta ya mbetula" lina hatari yake pia, kwa sababu linataja vitu visivyofanana. Mbetula mtamu wa mashariki mwa Amerika Kaskazini, Betula lenta, hutoa mafuta ambayo karibu yote ni methili salisilati, jamaa wa karibu wa aspirini. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kina salisilati inayolingana na gramu 7 hivi za aspirini, yaani zaidi ya vidonge 20 vya kawaida vya miligramu 325. Kiasi hicho kinatosha kumuua mtoto mdogo. Hata yakipakwa kwenye ngozi, methili salisilati huingia mwilini, na kwa mtu anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda inaweza kumsababishia kuvuja damu. Lami ya mbetula, inayopatikana kwa kuunguza gome pasipo hewa ya kutosha, ni kitu kingine tena: ina fenoli, na ikiwa ghafi huwa na baadhi ya kemikali za moshi zinazohusishwa na saratani. Chupa mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na yaliyomo yasiyohusiana hata kidogo. Mnunuzi hana namna ya kujua kama lebo haitaji spishi, sehemu ya mti na namna ya kuandaa.

Hoja inayotolewa kutetea haya yote ni ya umri: watu wametumia mbetula tangu enzi na enzi, ingekuwa na madhara wangeshajua. Ni kweli wameutumia tangu zamani. Katika kisiwa cha Lolland, Denmark, watafiti walikuta donge la lami ya mbetula lililotafunwa miaka 5,700 hivi iliyopita, na mwaka 2019 walitangaza kwamba wameweza kusoma jenomu nzima, yaani taarifa zote za urithi, ya mwanamke aliyelitafuna. Ushahidi wa matumizi hauwezi kuwa wazi kuliko huo. Lakini matumizi na usalama ni mambo mawili. Uzoefu wa vizazi hugundua upesi sumu inayotapisha usiku uleule. Madhara yanayokuja polepole, au yanayompata mmoja kati ya maelfu, hayaonekani kwa macho ya kijiji, kwa kuwa anayeugua figo baada ya miezi sita hakumbuki kuhusisha figo zake na kikombe chake cha asubuhi. Mwaka 2014 madaktari wa Japani waliripoti habari za mwanamke wa miaka 72 mwenye saratani ya ini aliyekunywa unga wa chaga, kuvu anayeota kwenye mibetula, vijiko vinne hadi vitano vya chai kila siku kwa miezi sita. Chaga ina oksaleti nyingi. Figo zake zilijaa fuwele za oksaleti, zikashindwa kazi, akawekwa kwenye dayalisisi. Kisa kimoja hakithibitishi kwamba kila anayeonja chaga atapata hayo, wala sisemi hivyo. Kinathibitisha kwamba hoja ya umri haikuweza kumlinda. Na chaga, kwa taarifa, si mbetula hata kidogo, ni kiumbe kinachoula mti huo ukiwa hai.

Tuje sasa kwenye chavua, ambako madhara hayana ubishi. Ukikitazama kishada cha maua dume cha mbetula kwa karibu mwishoni mwa majira ya baridi, utaona kitu kigumu, cha kahawia, kilichofungwa kama mkuki mdogo. Kilitengenezwa majira ya joto yaliyopita, kikangoja baridi yote tawini. Joto likirudi kinalegea, kinarefuka, kinaning'inia, magamba yake yanaachana, na mguso wa kidole unatosha kutoa wingu la njano. Kishada kimoja kinaweza kubeba chembe mamilioni kadhaa, kila moja ikiwa na upana wa maikromita ishirini na kitu. Mti unategemea upepo peke yake kuchavusha, ndiyo maana unamwaga kwa wingi hivyo. Chembe nzima ni kubwa mno kufika ndani ya mapafu, huishia puani na machoni. Ila ikilowa hupasuka, na vipande vyake vidogo hupita hadi kwenye njia za hewa za chini. Hapo ndipo mafua ya mzio yanapogeuka pumu.

Mkosaji anajulikana kwa jina. Ni protini iitwayo Bet v 1, ambayo jeni yake ilitengwa na watafiti wa Vienna mwaka 1989, na zaidi ya asilimia 90 ya wenye mzio wa chavua ya mbetula wana kingamwili dhidi yake. Protini hii ni ya ukoo wa kujihami unaopatikana katika mimea mingi, na hiyo ndiyo sababu mtu anayepiga chafya kwa mbetula huhisi mdomo ukimwasha anapong'ata tufaha bichi, cheri, karoti au kokwa za heseli. Kingamwili zake zinakutana na ndugu wa Bet v 1 kwenye tunda na kumdhania ndiye yeye. Tufaha hilohilo likipikwa kwa kawaida halimsumbui, kwa kuwa ukoo huu wa protini huharibika kwa joto. Wengi husumbuliwa mdomoni tu na kwa dakika chache. Tahadhari kubwa ni kwa seleri na soya, hasa vinywaji na unga wa soya usiochakatwa sana, ambavyo vimesababisha hata mshtuko mkali wa mzio kwa baadhi ya wenye mzio wa mbetula. Daktari anayempima mgonjwa mzio wa chavua bila kumuuliza anakula nini ameacha nusu ya kazi.

Tena chavua yenyewe ni dawa. Leonard Noon alichapisha London mwaka 1911 matokeo ya kuchoma sindano za chavua ya nyasi kwa vipimo vinavyopanda ili kuuzoesha mwili, na kanuni ile ndiyo inayotumika hadi leo. Mwaka 2019 tembe ya chavua ya mbetula ya kuyeyushwa chini ya ulimi iliidhinishwa Ulaya kwa watu wazima. Kiasi cha kizio ndani yake kimepimwa, na dozi ya kwanza hutumiwa mbele ya daktari kwa kuhofia mwili kuitikia vibaya. Mtu anayejitengenezea tiba kwa kulamba chavua ghafi au kunywa chai ya vishada anatumia kitu kilekile bila kipimo na bila daktari, yaani ameacha kila kilichokifanya kiwe tiba.

Je, mibetula ikatwe? Wanaotaka hivyo wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Barabara iliyopandwa mibetula pande zote, mbele ya shule au hospitali, inaongeza chavua pale pale ambapo watu dhaifu wanapita, na mpangaji wa mji anayejua hilo akaendelea kupanda hana utetezi. Kwa upandaji mpya karibu na majengo ya namna hiyo, mimi niko upande wao. Hoja inavunjika inapotoka kwenye upandaji mpya kwenda kwenye ukataji wa iliyopo. Chavua husafiri mamia ya kilomita. Nchini Finland hupimwa chavua ya mbetula iliyotoka Urusi na nchi za Baltiki kabla miti ya Finland haijachanua. Mji ukikata mibetula yake yote, utaendelea kupokea ya jirani. Wengine hushauri ipandwe miti jike pekee, lakini kila mbetula una maua dume na jike pamoja, kwa hiyo hakuna mti jike wa kuchagua. Na anayeung'oa akapanda mheseli au mti wa alda mweusi wa kandokando ya maji, miti ya jamii yake, ameleta protini za ukoo uleule, tena zinazomwagika mapema zaidi katika mwaka, na msimu wa mateso unakuwa mrefu kuliko ulivyokuwa.

Kuna pia kinachopotea. Mbetula ni mti wa kutangulia: mbegu zake ndogo zenye mabawa hubebwa na upepo hadi kwenye ardhi tupu, iliyoungua au iliyoachwa na barafu, na hukua pale ambapo miti mingine haithubutu. Iceland ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Walowezi walipofika mwishoni mwa karne ya 9, inakadiriwa kwamba mibetula ilifunika kati ya robo na theluthi ya nchi au zaidi. Shoka, mkaa na kondoo viliimaliza, udongo ukapeperuka, na leo imebaki kwenye asilimia 1.5 hivi. Kuirudisha kule ni kazi ya kuuokoa udongo wenyewe. Uingereza zaidi ya spishi 300 za wadudu huutegemea mti huu, na ndege wadogo wa jamii ya chiriku hula mbegu zake wakati wa baridi. Hata hivyo, hukohuko Uingereza wahifadhi huing'oa miche yake kwenye nyika za vichaka vifupi, kwa kuwa ikiachwa hugeuza nyika kuwa msitu na viumbe wa nyika wakakosa makazi. Swali la kama mbetula ni mti mzuri kwa mazingira lina jibu moja Iceland na jingine kwenye nyika hizo.

Hata ekolojia haijasalimika na tabia ya kunyoosha ushahidi kupita kipimo chake. Mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake walionyesha, kwa kutumia kaboni iliyotiwa alama, kwamba kaboni ilisafiri kati ya miche ya mbetula wa karatasi na ya msonobari wa Douglas katika msitu wa British Columbia. Ulikuwa utafiti mzuri. Kutoka hapo likazaliwa simulizi la miti inayolishana, kuonyana na kulea watoto kupitia nyuzi za kuvu ardhini, na mamilioni ya watu wakaliamini. Mwaka 2023 Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema waliupitia upya ushahidi na kueleza kwamba madai hayo yanazidi mno yale yaliyopimwa msituni, na kwamba kaboni inaweza kupita kwa njia nyingine udongoni pasipo nyuzi zinazounganisha miti. Jones mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala ya 1997. Namheshimu sana kwa hilo. Mpenda msitu anayeona fahari kusimulia habari za miti inayolishana na muuzaji wa unga wa gome hawafanani kwa nia, lakini wote wawili wamechukua matokeo ya jaribio moja na kuyapa kazi ambayo hayakuumbiwa.

Joto la dunia linaufanya uangalifu huu kuwa wa lazima zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba kati ya 1990 na 2018 misimu ya chavua Amerika Kaskazini ilianza siku 20 mapema zaidi na chavua iliongezeka kwa asilimia 21. Hizo ni takwimu za chavua ya mimea mingi kwa pamoja, si mbetula peke yake, na afadhali anayezinukuu aseme hivyo. Lakini mwelekeo uko wazi: mahitaji ya wenye mzio yataongezeka, soko la tiba za asili litawafuata, na presha ya kukata miti itapanda. Vituo vya kupima chavua, vipimo vya kutenganisha mzio wa Bet v 1 na mizio mingine, na tiba ya kuuzoesha mwili vitawasaidia watu hao kuliko msumeno.

Kinachonisumbua zaidi ni jani. Jeli ya gome ilipata jaribio la wagonjwa 223 kwa sababu kampuni ilikuwa na dondoo maalumu ya kuilinda na kuiuza. Jani la mbetula ni la yeyote anayeinua mkono tawini, kwa hiyo hakuna atakayerudishiwa gharama za kulijaribu. Ndiyo maana watu wanakunywa chai hiyo kwa maelfu huku tukiwa hatuna jaribio kubwa la kutuambia kama inasafisha njia ya mkojo kuliko maji matupu. Jaribio la namna hiyo halihitaji teknolojia ngumu: wagonjwa, chai, kinywaji cha kulinganisha kisicho na jani, na vipimo vya mkojo. Linahitaji fedha za umma, na Ulaya, ambayo tayari imeliandikia jani mwongozo, ndiyo yenye sababu ya kwanza ya kuzitoa.